Fremu 12

Kila nikitaja kamera za midiamu fomati kwenye klabu yetu ya picha, kuna mshikaji lazima aulize: "Hizo nani bado anatumia, babu yako?" Ni utani, ila swali lenyewe ni zuri. Nalijibu hapa maana kijiweni huwa hatulimalizi.

Filamu ya kawaida ya milimita 35 ina fremu ya milimita 24 kwa 36. Filamu ya 120, ambayo Kodak waliitoa mwaka 1901 na mpaka leo inatengenezwa, inaweza kutoa fremu ya mraba ya karibu milimita 56 kila upande. Piga hesabu: eneo lake ni zaidi ya mara tatu na nusu. Ndiyo maana picha yake unaikuza hadi ikajaa ukuta na ngozi ya mtu ikabaki ngozi, isigeuke chengachenga. Tatizo ni kwamba mkanda mmoja unakupa picha 12 tu. Ukitumia kamera ya sita kwa saba, ni 10.

Nani anakubali masharti hayo? Michael Kenna, Mwingereza anayepiga mandhari kwa rangi nyeusi na nyeupe, ameshikilia Hasselblad zake za filamu kwa miongo kadhaa, na picha zake nyingine lenzi hukaa wazi kwa saa nyingi usiku. Nick Brandt alifanya kazi hapa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2001 alipiga tembo na simba wa Amboseli na Serengeti kwa Pentax 67, bila lenzi ya kuvuta kutoka mbali. Simba yuko mbele yako, una picha 10, halafu ubadilishe mkanda. Hapo huwezi kubonyeza hovyo.

Wapo walioondoka pia. Sebastião Salgado wa Brazili alianza mradi wake wa Genesis mwaka 2004 na Pentax 645, lakini mashine za ukaguzi za viwanja vya ndege zilimsumbua kwa filamu zake mpaka akahamia dijitali katikati ya kazi. Na wengine wanatumia midiamu fomati ya kidijitali, hasa watu wa matangazo, mitindo na makumbusho. Hizo tusizungumzie sana, bei ya moja mpya inameza bumu la miaka mitatu na chenji hairudi.

Mimi jambo hili lilinigusa msibani. Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili, tukatafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza. Kwenye simu zetu alikuwa tele: anakula, amefumba macho, amekatwa nusu kichwa nyuma ya keki ya mtu mwingine. Nyingi zilishapita WhatsApp mara kadhaa, tulipozikuza zikawa ukungu. Mama akatoa bahasha kabatini. Ndani mlikuwa na negativu ya mraba, baba akiwa kijana, studio ya mtaani, mwaka 1986. Fundi aliikuza mpaka ikawa kama dirisha, na mshono wa kola ukaonekana. Wafanyakazi wenzake waliomjua na mvi waliuliza huyo ni nani. Shangazi hakuuliza. Alikaa mbele yake hadi jioni.

Nimeitazama sana picha ile. Mpiga picha yule alikuwa na fremu chache na wateja wanasubiri, kwa hiyo alimgeuza kidevu, akamfunga kifungo cha juu, akasubiri mpaka mabega yatulie. Mtu alimtazama baba yangu vizuri kabla ya kubonyeza. Kwenye simu zetu, sisi wenyewe tuliomzaa na aliotuzaa, hakuna aliyefanya hivyo hata mara moja.

Napiga picha za mahafali kujiongezea hela ya kula. Kamera yangu ni ya kidijitali na itabaki hivyo, maana filamu na kuisafisha siviwezi. Ila sasa nina utaratibu. Kabla ya vigelegele na mashada, mhitimu na wazazi wake wanakaa kivulini kwenye viti. Nawapanga, nawaacha watulie, napiga picha 12, basi. Moja naichapa kwenye karatasi nzuri, ipo ndani ya bei. Kuna wanaolalamika kwamba ni chache. Wazazi hawajawahi kulalamika.

Kwa hiyo finalisti, kama mzazi wako anasafiri kuja kwenye mahafali yako mwaka huu, mpe dakika tano za namna hiyo kabla watu hawajaanza kukuvuta huku na huku. Kisha ichapeni, muitie kwenye bahasha, akaiweke kabatini kwake.