Askari wa Ndani ya Kiwele

Wewe mama wa nyumba na wewe kijana unayechunga nyama za baba, leo tuongee juu ya ugonjwa wa kiwele cha ngombe. Usiseme: "Sisi ni watu wa kampuni, ngombe ni ya nini?" Watu wa Kisenge wanajua jibu. Mwaka wa 1975 vita ya Angola ilifunga reli ya Benguela, na manganese ikakosa njia ya kufika ku bandari ya Lobito. Kazi ililegea, lakini tumbo halikungoja. Kitabu cha Mezali, sura ya 27, kinatuagiza tujue hali ya mifugo yetu, kwa sababu mali haidumu, na maziwa yatalisha watu wa nyumba.

Sasa asubuhi moja unakamua, unaona kiwele kimevimba, kina moto, kimekuwa kigumu. Maziwa yanatoka na mabonge, ao ni maji maji, ao yana damu. Ngombe anarusha teke. Wengi wanauliza palepale: "Ni nani amemuloga?" Nimeona familia mbili za kanisa moja zikiacha kusalimiana juu ya kiwele kimoja. Mama mumoja aliniambia: "Ule jirani aliangalia ngombe yangu vibaya." Hapana, mama. Adui hakupita ku macho ya jirani. Alipita ku tundu la chuchu.

Adui huyo ni vijidudu. Vingine vinaishi ku ngozi na ku mikono ya mukamuaji, vingine ndani ya mavi na matope. Lakini Muumba hakumuacha ngombe bila ulinzi. Ku ncha ya chuchu kuna musuli unaofunga tundu, na ndani yake kuna kitu kama nta kinachoziba njia. Ukimaliza kukamua, mulango ule haufungiki mara moja. Unaweza kubaki wazi nusu saa, hata saa moja na zaidi. Ndiyo maana wachungaji wazee wanasema: "Kiisha kukamua, umupe majani, asimame." Ngombe anayekula halali ku matope.

Kijidudu kikiingia hata hivyo, kinakuta askari. Ni chembe nyeupe za damu. Mwaka wa 1882, huko Messina katika Italia, Elie Metchnikoff aliona chembe za namna hiyo zikizunguka mwiba aliouchoma katika mwili wa kinyama kidogo cha bahari. Mwaka wa 1908 alipewa tuzo ya Nobel. Ndani ya maziwa ya ngombe muzima kuna askari wachache wa zamu. Wakiona adui wanaita wenzao kutoka katika damu, na kwa saa chache wanafika kwa mamilioni. Uvimbe na moto unaouona ni vita yenyewe. Ndani ya mabonge kuna askari waliokufa.

Basi, kwa nini wanashindwa? Wakati wa kuzaa nguvu yao inapungua, na njaa inazidisha. Tena, ndani ya maziwa wanameza mafuta pamoja na adui, wanachoka. Kijidudu kinachoitwa stafilokoke kinajificha ndani ya nyama ya kiwele, na ugonjwa unarudi-rudi. Vijidudu vya mavi vinashambulia kwa ukali. Ngombe anaweza kufa kwa siku moja ao mbili.

Kazi yetu ni kuwasaidia askari hawa. Nawa mikono na sabuni. Osha chuchu, uzikaushe, kila ngombe na kitambaa chake. Maziwa ya kwanza yakamulie ndani ya kikombe cheusi, uangalie mabonge. Mugonjwa akamuliwe wa mwisho. Kuna ugonjwa usioonekana kwa macho. Juu ya huo, mwaka wa 1957, Schalm na Noorlander wa California walitangaza kipimo chepesi: maziwa yanachanganywa na dawa ya namna ya sabuni. Kama askari ni wengi, yananata kama dongo-dongo.

Ukiona ugonjwa, itia muganga wa nyama mapema. Sindano ya kununua ku soko bila kujua ni dawa gani inaweza kufundisha vijidudu kuizoea. Akikupa antibiotike, maliza siku zote alizosema, na maziwa ya siku zile yamwagwe, hata kama roho inauma. Mutoto wako asinywe maziwa ya kiwele kigonjwa. Na ya ngombe muzima pia, chemsha kwanza.

Kijana, kesho asubuhi anza na sabuni. Na wewe mama uliyeacha kumusalimia jirani juu ya kiwele, chukua kikombe cha maziwa mazuri, umupelekee.