Supu nzito ya pilipili, na mtoto aliyerudi mezani

Tunawaandikia kutoka Albuquerque, jimbo la New Mexico, huku Marekani. Sisi ni wamama saba wa Kivu ya Kusini. Karibu sote tulipitia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi tunakutana kwa likelemba yetu: tunapika, tunakula, tunalia kidogo na kucheka sana. Mlituomba tuandike juu ya chakula cha huku. Basi tutawaeleza supu moja ya pilipili na namna ya kuipika, pamoja na jambo lililotufanya tuijue.

Jambo lenyewe ni la watoto wetu. Wengi walizaliwa kambini. Kule walikula unga wa mahindi na maharagi ya mgao, na siku mama alipopata sombe ilikuwa kama sikukuu. Walipofika huku na kuanza masomo, haikupita miezi mingi wakaanza kukataa chakula chetu. Msichana mmoja wa miaka 14, binti wa mwenzetu aliyefiwa na mume, alirudi nyumbani siku moja na chakula chake cha mchana hakijaguswa. Wenzake waliziba pua walipoona sombe na samaki wadogo kwenye kibakuli chake. Tangu siku hiyo alikula mkate chumbani, mlango umefungwa. Mama yake alituambia kwenye likelemba: “Mezani ndipo tulipokuwa tunaongea, mimi na yeye. Sasa ninaosha sahani moja.”

Tulimpa mashauri. Wengine tulisema amchape. Wengine tulisema amwache, njaa itamleta. Hakuna shauri lililofaa, na mama alizidi kukonda.

Ikafika mwezi wa nane. Wamama, mwezi huo na wa tisa mji huu wote unanuka pilipili ya kuchomwa. Mbele ya maduka wanaweka pipa la nyavu za chuma juu ya moto wa gesi. Mtu anamimina gunia zima ndani, pipa linazungushwa, na pilipili zinapasuka na kuungua ngozi. Watu wanapanga foleni kununua gunia la kilo 11 au zaidi, waweke kwenye barafu za kutosha mwaka mzima. Pilipili yenyewe ni ndefu kama kiganja na vidole, ya kijani. Iliyo maarufu kuliko zote inatoka bonde la Hatch, upande wa kusini, kando ya mto Rio Grande. Ikiachwa shambani inakuwa nyekundu. Hapo wanaifunga mashada na kuitundika ukutani ikauke. Ndiyo maana ukiingia mahali pa kula hapa, wanakuuliza kwanza: nyekundu au ya kijani? Ukitaka zote mbili, unajibu “Noeli.”

Jirani yetu mmoja ni mama mzee. Ukoo wake umeishi bonde hili tangu kabla nchi hii haijawa ya Marekani. Sisi tunamwita Koko. Alituona tunashangaa mbele ya lile pipa, akatuita tuje kwake tumsaidie kumenya. Lakini sisi Kiingereza chetu ni cha dukani tu, na Koko anachanganya Kihispania. Tulihitaji mtu wa kutafsiri, tukamwita yule msichana. Alikuja amenuna, akasimama karibu na mlango.

Hapo tulifanya kosa ambalo tunawaonya ninyi. Koko alitupa glovu, tukakataa. Tulisema sisi tumezaliwa katika pilipili, yaani pilipili ya Wazungu itatufanya nini? Baada ya nusu saa mikono ilikuwa moto mtupu, na mmoja wetu akajifuta jicho. Alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaitika. Koko alimwosha jicho kwa maji mengi ya baridi, nasi wengine akatupaka mikono mafuta ya kupikia, kisha akatuosha kwa sabuni, kwa kuwa maji peke yake hayaondoi ukali ule. Na yule msichana pale mlangoni akaanza kucheka. Mama yake alitutazama. Kicheko hicho alikuwa hajakisikia kwa muda mrefu.

Basi msichana akavaa glovu, akaketi na kumenya pamoja nasi, huku akitafsiri maneno ya Koko. Koko alisimulia habari za Fabián García, mtu wa mashamba wa chuo cha kilimo cha Las Cruces. Alizaliwa Meksiko, akawa yatima, akaletwa huku akiwa mtoto mdogo na bibi yake. Ndiye aliyechagua mbegu miaka mingi mpaka akapata pilipili yenye ukali wa kadiri ambao kila mtu anaweza kula. Mbegu hiyo ilitolewa kwa wakulima mwaka 1921, na pilipili za New Mexico za leo zinatokana na kazi yake. Msichana alitafsiri mpaka aliposema “akaletwa na bibi yake,” akanyamaza kidogo. Yeye naye alibebwa na bibi yake kuvuka ziwa, na bibi amezikwa Nyarugusu.

Koko akatuambia jambo jingine ambalo hatukulijua. Pilipili, mahindi, maharagi, viazi na hata muhogo ni mimea ya Amerika. Mingi kati yake ilivushwa bahari na Wareno kuletwa Afrika, miaka mia nne na zaidi iliyopita. Kwa hiyo bugali ya mahindi, sombe na pilipili ya koko zetu wa Fizi vina asili upande huu. Tulicheka: kumbe hatukuja mbali sana.

Sasa upishi. Kwa watu wanane:

Nyama ya nguruwe ya bega kilo 1, viazi kilo 1, pilipili za kijani zilizochomwa na kumenywa 10 au 12, vitunguu 2, vitunguu saumu punje 4, unga wa ngano vijiko 2, bizari nyembamba nusu kijiko, chumvi, mafuta, na maji lita 1 na nusu.

Kata nyama vipande vidogo, ipake chumvi, uikaange katika mafuta mpaka iwe rangi ya kahawia. Usiwe na haraka hapa. Ile rangi ndiyo ladha ya supu. Tia vitunguu, vikilainika tia vitunguu saumu, bizari na unga, ukoroge dakika mbili. Mimina maji, tia nusu ya pilipili zilizokatwakatwa, ufunike. Acha ichemke polepole saa moja na nusu. Kisha tia viazi na pilipili zilizobaki, dakika 25 hivi, mpaka viazi vianze kumeguka na supu iwe nzito.

Moto usiupandishe sana ukifikiri itaiva upesi. Albuquerque ni juu kama mita 1,600, na Bukavu nayo ni karibu hivyo. Kwa miinuko hii maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi, hayafiki 100. Ndiyo sababu maharagi ya Bukavu yanakula makala kuliko ya Uvira. Ni muda unaoivisha.

Mwenzetu mmoja ni Mwadventista, hali nguruwe. Tunampikia sufuria yake kwa nyama ya ng’ombe. Mwenye kuku atumie kuku. Asiye na nyama atumie maharagi. Koko anasema siku za shida kwao walifanya vivyo hivyo.

Jioni ile Koko alileta mikate yake bapa ya ngano, nasi tukasonga bugali. Msichana aliweka bugali kwenye sahani, akamimina supu juu, akaketi karibu na mama yake, akala. Akaomba tena. Akasema: “Mama, pilipili hii ingefaa na maharagi yako ya kambini.” Mama yake hakujibu, aliinuka akaenda kama anatafuta chumvi.

Hatutawadanganya kwamba mambo yote yamepona. Mpaka leo hapeleki sombe darasani, na kuna siku mlango wa chumba unafungwa tena. Lakini Jumamosi anakuja jikoni bila kuitwa, kwa kuwa pilipili ya barafu yeye ndiye anayejua kuiyeyusha na kuikata. Na wiki mbili zilizopita alimuuliza mama yake sombe inachemshwa muda gani.

Tulipozungumza sisi kwa sisi, tuliona kosa letu. Kambini mtoto huyu alikuwa anatafuta kuni, anawasha moto, anapepeta unga. Tulipofika huku tulimfukuza jikoni: nenda kasome, mimi nitapika. Tulifanya kwa upendo. Lakini tulimletea chakula kama mgeni, na mgeni anaweza kukataa. Sasa kila mmoja wetu amempa mtoto wake kazi moja ya jikoni, hata wavulana. Wavulana wanalalamika, lakini wanakuja.

Ninyi mlio nyumbani, pilipili hizi ndefu huenda hamzipati. Chukueni zile pilipili kubwa za kijani zisizochoma, zinazouzwa pamoja na nyanya. Zichomeni juu ya mbabula mpaka ngozi iwe nyeusi, zifungeni katika sufuria yenye kifuniko dakika kumi, kisha zimenyeni. Ongezeni pilipili yetu kali moja au mbili tu. Viazi vya kwetu vinatosha kabisa. Ila vaeni kitu mikononi, tafadhali.

Mkipika, tuandikieni mlivyoona, na mtuambie ni nani alimenya pamoja nanyi. Tutayasoma maneno yenu kwenye likelemba ijayo, na yule msichana ndiye atakayemsomea Koko.