Kabla ya geti la Marangu, mzazi aulize bima

Desemba geti la Marangu huchangamka. Shule zimefungwa, na vikundi hupanda Kilimanjaro kuadhimisha Desemba 9, siku ambayo mwaka 1961 Alexander Nyirenda alipandisha bendera na kuwasha mwenge kileleni. Mabasi hushusha watalii, wafanyakazi wa ofisini na vijana wenye kofia za sufu. Kila kijana ana fomu ya ridhaa iliyosainiwa nyumbani.

Fomu hiyo huwapa wazazi wengi utulivu isiyostahili kuutoa. Inasema mzazi anazijua hatari za mlima na amekubali mtoto aende. Haisemi nani atalipa mtoto akivunjika mguu. Kiingilio cha hifadhi nacho si bima ya matibabu.

Kutoka getini hadi kibanda cha Mandara, mita 2,700 hivi, njia hupita msituni chini ya miti yenye mbega. Familia na shule nyingi huishia hapa na kurudi siku hiyohiyo. Hatari kubwa ni kuteleza kwenye mizizi na matope. Kadi ya bima ya afya husaidia mtoto akishafika hospitalini, lakini kumtoa msituni hadi barabarani ni jambo jingine. Ndiyo maana shule inaweza kukata bima ya ajali ya kikundi kwa siku za safari tu.

Msitu ukiisha huja Horombo, mita 3,700 hivi, kisha jangwa la mawe hadi Kibo, mita 4,700. Kuanzia hapa mzazi anapaswa kusoma mkataba wa bima kwa makini. Bima nyingi za safari huweka kikomo cha mwinuko. Nyingine huuhesabu mlima kama mchezo wa hatari, na hazilipi hadi uongeze malipo. Mwenye bima inayoishia mita 4,000 anafika Kibo bila kinga, na kilele kiko mita 5,895. Huko juu ndiko ugonjwa wa mwinuko hushika vibaya: kichwa kuuma, kutapika, kuyumba na kuchanganyikiwa. Dawa yake ya kwanza ni kushuka upesi.

Mgonjwa hushushwa kwa machela ya gurudumu moja inayosukumwa na wanaume kadhaa, au kwa helikopta hali ya hewa ikiruhusu. Helikopta ni ghali, na baadhi ya kampuni za bima hutaka kupigiwa simu kabla haijaitwa. Kwa hiyo namba ya bima iwe kwa mwongoza watalii, isibaki kwenye droo nyumbani. Maradhi ya mtoto nayo yaandikwe wazi, hasa pumu, moyo na selimundu. Ukificha, mtoto anahatarishwa na madai yanaweza kukataliwa.

Swali la kosa ni la peke yake. Mwongozaji akilazimisha mgonjwa aendelee kupanda, kampuni inaweza kudaiwa. Bima ya dhima ndiyo hulipa madai ya namna hiyo. Kampuni makini haikasiriki ikiombwa kuonyesha cheti chake, na tarehe ya mwisho ya cheti hicho isomwe.

Kwenye njia hiyohiyo wanapita wapagazi, au wagumu kama wanavyoitana, na mizigo ambayo kanuni za hifadhi zinaiwekea kikomo cha kilo 20. Wengi ni vijana wa Marangu, Rombo na Machame, nao wana wazazi wanaowasubiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) upo kwa anayeumia kazini, na mchango hutoka kwa mwajiri, haukatwi kwenye mshahara. Tatizo ni kwamba wengi huajiriwa kwa safari moja bila mkataba wa maandishi. Akiumia, inakuwa vigumu kuonyesha alikuwa mfanyakazi wa nani.

Mzazi wa Marangu anayemwona kijana wake akitoka alfajiri kwenda getini amwombe aache nyumbani jina la kampuni, namba ya mwongozaji na picha ya mkataba. Mzazi anayelipia safari ya mwanawe naye aulize kampuni kama wapagazi wake wamesajiliwa kwenye mfuko huo. Mtoto akizidiwa usiku pale Kibo, hao ndio watakaomshusha.