Mbiu Ilipolia Damuni

Wahenga walinena kuwa mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Methali hiyo niliifundisha katika shule ya upili kwa miaka miwili kabla ya kurudi chuoni. Aliyenifunza kuitumia, hata hivyo, ni mtaalamu wa maabara.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa uzamili, nilipewa kazi ya kutafsiri karatasi za utafiti wa kifua kikuu. Watu walioishi na wagonjwa wangepimwa damu ili kujua kiasi cha interferoni-gama, protini ambayo chembe za kinga hutoa ili kupashana habari. Palipotakiwa kuelezwa maana ya majibu chanya, niliandika: "Umepatikana na kifua kikuu." Sentensi ilikuwa fupi na nyoofu. Nikalipwa, nikasahau.

Miezi kadhaa baadaye nilimtembelea mama mdogo, ambaye mumewe alikuwa ametibiwa maradhi hayo. Kikombe chake kilikuwa kimetengwa, na mjukuu wake alikuwa akilia mlangoni akitaka kubebwa.

"Usinikaribie, mwanangu," akasema, akaninyoshea karatasi. Humo nilikutana na sentensi yangu.

Kesho yake nilikwenda maabara. Mtaalamu alinionyesha sahani ya plastiki yenye visima 96. Damu, akanieleza, huchanganywa na protini za vijidudu vya kifua kikuu, kisha huachwa katika joto la nyuzi 37 kwa saa 16 hadi 24. Chembe za kinga zilizowahi kukutana na vijidudu hivyo huzitambua protini hizo na kutoa interferoni. Maji ya damu hutiwa visimani, ambamo kingamwili zilizogandishwa huinasa interferoni; kingamwili nyingine, iliyobeba kimeng'enya, huishika kwa juu, na rangi hutokea. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo interferoni ilivyo nyingi.

"Kwa hiyo adui mnamwona?" nikauliza.

"Hatumwoni. Tunachosikia ni mbiu tu."

Kipimo hicho hakiwezi kutenganisha vijidudu vilivyolala mwilini na ugonjwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa takriban robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa. Miongoni mwao, watu 5 hadi 10 katika kila 100 ndio watakaougua. Ambaye vijidudu vyake vimelala hamwambukizi mtu. Daktari alikuwa amekwisha kumpiga mama mdogo picha ya kifua na kumkuta mzima, lakini karatasi ilisema vingine, naye aliyaamini maandishi.

Wanachama wenzangu, sisi hukesha tukibishana kuhusu istilahi. Istilahi zangu zote katika karatasi ile zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika kitenzi kimoja nilichodhani hakihitaji kamusi.

Niliandika upya, na watafiti wakakubali: "Mwili wako umewahi kukutana na vijidudu vya kifua kikuu. Hii haina maana kwamba wewe ni mgonjwa. Daktari atakuchunguza na kukushauri kuhusu dawa za kukinga." Nilimpelekea mama mdogo kwa mkono wangu, nikamsomea mara mbili. Hakunilaumu. Aliuliza neno moja tu:

"Na mtoto?"

"Mbebe, mama."

Alimbeba kabla sijaikunja karatasi.