Kondele na Samaki wa Mgongo Wazi

Mtu wa Pwani aendaye Kisumu aghalabu huelekezwa ufuoni, akale ngege mzima huku akilitazama ziwa. Sisi hatukuanzia huko. Tulishukia Kondele, kwa sababu jamaa yetu alikuwa amelazwa katika hospitali kuu ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wakongwe wa mji bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi katika miaka ya 1960. Siku tano tulikaa hapo, na riziki yetu ikawa ile inayopikwa kando ya barabara.

Yatupasa kukiri kwamba tulifika na mfuko mzito. Nyumbani tulifungiwa mahamri, mikate ya mofa na tende, kana kwamba twaenda nchi isiyo na moto. Wazee wetu walikuwa na hofu moja tu, nayo ni ya halali: nani amechinja, na kwa jina la nani? Kufikia jioni ya siku ya pili mahamri yalikuwa yamekwisha, na watoto wakaanza kutazama nje.

Kondele ni mahali ambapo barabara ya Kakamega hupitia juu ya daraja, na maisha hubaki chini. Alasiri ikishapita, kando ya barabara hujaa moshi. Kuna mahindi ya kuchoma, na miwa iliyomenywa na kukatwa vipande vya kutafuna. Kuna nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na uji wa wimbi wenye uchachu kidogo, ambao tuliuzoea kwa siku moja. Huchomwa pia mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu. Msafiri Mwislamu na alijue jina hilo mapema, kwa maana harufu yake nzuri haitamwonya.

Lakini tulichokijia hapa ni mgongo wazi.

Jina lenyewe lilituchekesha kabla ya kulielewa. Mbuta, yule samaki mkubwa aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 akawameza wengi wa samaki wadogo wa asili, hupelekwa viwandani. Tangu miaka ya 1980 viwanda hivyo vimekuwa vikimtoa minofu na kuisafirisha nje, Ulaya hasa. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama iliyoponea kisu. Mabaki hayo hununuliwa na akina mama, hasa wa Obunga, mtaa ulio jirani na Kondele, wakayakaanga katika makarai mapana na kuyauza kwa watu ambao ziwa ni lao. Tuliyawaza hayo sana tulipokuwa tukila, na hatukupata namna ya kuyawaza bila uchungu.

Mama tuliyemwendea alikuwa amepanga migongo yake juu ya meza kama kuni. Samaki hahitaji kuchinjwa, hilo twalijua. Wasiwasi wetu ulikuwa ni mafuta. Tukaona haya kuuliza, na tukauliza.

“Mama, mafuta haya yamekaangiwa kitu kingine?”

Akautazama mtandio wa mametu, akaelewa. “Hapa ni samaki tu, mama. Hata yai sikaangi.” Kisha, tulipokuwa tumekwisha kuridhika, akaongeza: “Lakini kisu hiki leo asubuhi nilimwazima jirani wa soseji. Ngojeni nikioshe.” Akakiosha kwa sabuni na maji ya moto, mbele yetu, huku wateja wengine wakisubiri. Alipotukabidhi chakula akatuonya kwa sauti ya chini kuhusu karai la chipsi lililokuwa upande wa pili: “Lile hupita kila kitu. Nyinyi msile.”

Angeweza kunyamaza. Habari ya kisu hatukuiuliza, wala tusingeijua kamwe. Tangu siku hiyo hatukununua samaki kwa mtu mwingine.

Mgongo wazi haliwi kwa haraka. Huvunjwa kwa vidole, na utamu wake uko mashavuni na nyuma ya kichwa, mahali ambapo mashine ya kiwanda haifiki. Mbuta ana mafuta mengi, hivyo ngozi hukauka ikawa kama kachri na ndani hubaki laini. Tulimla kwa ugali wa mtama na kachumbari. Aliyezoea changu wa kupaka atalilia nazi. Sisi tulililia pilipili. Hata hivyo twasema bila kusita kwamba kichwa kile kinaishinda minofu yoyote ya hotelini.

Omena, dagaa wa ziwa, tuliwaona wamemwagwa juu ya magunia waking'aa kama fedha. Bei yao huwapandia akina mama kwa sababu viwanda vya chakula cha kuku navyo huwagombea.

Siku ya tatu mgonjwa wetu, aliyekuwa akikataa kila sahani, aliuliza kile kinachonukia nguoni mwetu ni nini. Tukarudi kwa yule mama. Akatuchagulia kichwa kisichokaangwa, akakichemsha kwa nyanya na kitunguu tu, bila ya viungo, akatutilia katika chupa yetu ya chai. Mgonjwa alikunywa nusu kikombe siku ile, na siku ya pili yake kikombe kizima. Leo yuko nyumbani, alhamdulillahi.

Tulipokwenda kuaga tulifungiwa ndani ya gazeti obambla wawili, ngege waliopasuliwa na kuanikwa juani, na tukaambiwa tuwaroweke kwanza. Basi zima lilijua tumebeba nini hadi Nairobi.

Atakayekwenda Kondele afike baada ya alasiri, kabla vichwa havijakwisha, maana wenyeji nao wanajua palipo na utamu. Na abebe ndimu zake.