Mgomo Baridi kwenye Ndiva

Mgomo wa kweli hutangazwa. Watu wanakutana, wanasema hiki hatukitaki na sababu ni hii, kisha wanasubiri jibu. Mgomo baridi hautangazwi. Mtu anaitikia vizuri, hagombani na yeyote, na kazi haifanyiki.

Sisi tuliozaliwa Upare miaka ya 1940 tulilelewa na watu wa mgomo wa aina ile ya kwanza. Mkoloni alipoleta mbiru, kodi ya kumkadiria kila mtu mali yake, wazee waliiona ya uonevu. Mwaka 1945 maelfu waliteremka milimani hadi Same, wakapiga kambi bomani. Wanawake wa Usangi nao hawakunyamaza. Mwishowe kodi ikafutwa. Na watu hao hao, wakiitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, wa kuchimba mfereji, walikwenda.

Vijana wetu si wavivu, na anayewaita hivyo hajawaona wakiamkia tangawizi zao. Lakini mwenyekiti akitangaza kwenye kundi la simu kwamba Alhamisi ni kuzoa tope la ndiva, bwawa letu la kumwagilia, madole gumba yanajaa kioo kizima. Alhamisi yenyewe tunakutana wazee wachache na makarai mawili. Ndiva hukusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi. Tope likipanda, maji yanakatika kabla ya kufika mashamba ya chini, na huko chini ndiko waliko wajane wengi.

Ukikaa na vijana kwa utulivu wanakueleza. Faini za wasiohudhuria hukusanywa na hesabu haisomwi. Zamu ya maji ya mwenye nafasi yake hurefuka hadi jioni. Haya ni madai ya haki kabisa, ndiyo maana inaniuma kuyaona yamefichwa ndani ya dole gumba. Mgomo baridi una mahali pake, pale ambapo neno moja lingempeleka mtu gerezani. Kamati ya maji ni wajomba na mashangazi zao. Wanamwogopa nani? Anayepaswa kulisikia dai halisikii. Anayeumia ni mama wa shamba la chini, ambaye hakula faini ya mtu.

Nimeiomba kamati kikao kijacho kianze na daftari la faini, lisomwe lote kabla ya mtu kutaja jembe. Vijana nao nimewaomba waje, hata kama wanakuja kukataa.