Tani za Tupolev na Daraja la Kyaka

Vijana wanaopenda ndege za kivita wakijua kwamba nilikuwa Mwanza mwaka 1979, wakati wa vita yetu na Uganda ya Idi Amin, swali lao huwa ni lile lile: ile Tupolev ya Libya ilibeba tani ngapi? Jibu la vitabuni ni rahisi. Ndege hiyo, Tu-22, ilitengenezwa Umoja wa Kisovieti, ina urefu unaozidi mita 40, watu watatu ndani, injini mbili zilizokaa juu kule mkiani, na tumboni inaweza kupakia mabomu ya kilo 9,000 hivi. Mkiani ina mzinga wa milimita 23 wa kujilinda dhidi ya anayeifukuza. Iliundwa kwa ajili ya vita ya mataifa makubwa, na siku moja ikatumwa kupiga mji wa wavuvi na wafanyabiashara wa pamba kando ya Ziwa Victoria.

Ilikuwa tarehe 29 Machi. Siku chache kabla yake Gaddafi wa Libya alikuwa ametoa makataa akitaka majeshi yetu yaondoke Uganda, na Mwalimu Nyerere akakataa. Mimi nilikuwa kijana wa shule, nimehifadhiwa kwa mama mdogo. Usiku tulizima taa, uani tulikuwa tumechimba handaki ambalo lilijaa maji kila mvua iliponyesha. Nilichosikia ni ngurumo nzito, kisha mshindo uliotikisa mabati. Mama mdogo alinivuta chini ya meza akiniambia nifungue mdomo, maana walikuwa wamefundishwa hivyo mtaani, masikio yasipasuke.

Lengo lilikuwa matangi ya mafuta. Mabomu yakaangukia Saanane, hifadhi ya wanyama iliyo kisiwani jirani kabisa na mji, yakaua swala. Matangi hayakuguswa.

Watu walicheka sana kisa hicho baada ya vita. Mimi sijawahi kukicheka. Bomu lisilo na mwongozo, likiachiwa kutoka mita 6,000, hukaa hewani zaidi ya nusu dakika, na muda wote huo linaendelea kwenda mbele kwa kasi liliyopewa na ndege. Kwa hiyo huachiwa kilomita kadhaa kabla ya kufika lilikokusudiwa. Ndege inayokwenda mita 250 kwa sekunde, mlengaji akichelewa sekunde nne, bomu limekosea kwa kilomita nzima. Kati ya Saanane na nyumba za watu kuna maji kidogo tu. Sekunde chache zingegeuka upande mwingine, na tungekuwa tunahesabu majina badala ya swala.

Lakini mimi ndege nilizijua kabla ya hapo, na zilizonitisha zaidi hazikuwa kubwa. Nyumbani kwetu ni kaskazini ya mto Kagera. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilianza kuvuka mpaka hadi Bukoba. Uganda ilikuwa na MiG-17 na MiG-21. Hiyo MiG-17 ina mzinga mmoja wa milimita 37 na miwili ya milimita 23 chini ya pua, na chini ya kila bawa inaweza kuning'iniza bomu la kilo 250. Hiyo ndiyo shehena yake: mabomu mawili, na chini ya nusu ya uzito wa kila bomu ndiyo baruti, sehemu iliyobaki ni chuma. Bukoba mabomu hayo yalivunja vioo vya madirisha na kubomoa kidogo sana. Hata hivyo watu walikimbia na watoto mgongoni. Ndege inayopita chini inakukuta kabla hujamaliza kuisikia. Hupati nafasi ya kuamua lolote.

Tarehe 30 Oktoba jeshi la Amin likaingia kwa miguu na vifaru. Tulivuka mto kwenye daraja la Kyaka katikati ya umati, baba akiwa amemshika mdogo wangu mkono na mimi nikiburuta mbuzi mmoja ambaye sikumfikisha ng'ambo. Bibi, mama yake baba, alikataa kuondoka. Alisema ng'ombe hawawezi kuachwa peke yao.

Tukatulia kwa mjomba, kwenye mwinuko wa kusini, na kutoka huko nikaona ndege zikijaribu kulivunja lile daraja. Zilikuja, zikainama, zikaachia, zikapaa. Maji yakaruka juu. Daraja likabaki. Zikarudi tena, likabaki. Leo naelewa sababu: ukitazama kutoka angani, daraja ni uzi uliolala juu ya mto. Bomu likipita mita chache pembeni, mlipuko wake unamezwa na maji na matope. Tarehe 3 Novemba waliliangusha kwa njia nyingine. Mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe, Uganda, alitega vilipuzi kwenye daraja lenyewe, na likaenda. Kazi iliyozishinda ndege za kivita ilifanywa na mikono ya watu waliotembea hadi pale.

Nasi tulikuwa na kombora la begani, Strela, lenye uzito wa kilo 10 hivi, linalofuata joto la injini. Askari mmoja analibeba mwenyewe. Kwa makombora ya aina hiyo jeshi letu, JWTZ, liliangusha ndege kadhaa za Amin. Ndiyo maana nawaambia vijana wasome tani, lakini waulize pia nani alilenga, kutoka juu kiasi gani, na chini kulikuwa na nani.

Na ndiyo maana swali la Tupolev huniudhi kidogo. Katika eneo lililotekwa kati ya mto na mpaka, raia wanaokadiriwa kufikia 1,500 waliuawa. Wengi wao hawakuuawa na kitu kilichodondoka kutoka mbinguni. Waliuawa kwa bunduki, karibu, na watu waliowatazama usoni. Ndege ziliwafukuza wale walioweza kukimbia. Wazee, wagonjwa na wenye mifugo ndio waliobaki nyuma. Hilo halimo katika jedwali la silaha la ndege yoyote.

Jeshi letu lilipolikomboa eneo lile baba alirudi mapema kuliko sisi, akivukia daraja la muda lililowekwa na wahandisi wa JWTZ. Alikuta nyumba haina mabati wala milango. Ng'ombe wote walikuwa wameswagwa kwenda Uganda. Bibi hakumkuta, wala mwili wake, ingawa alizunguka migombani pamoja na majirani kwa siku kadhaa na kuuliza hadi Mutukula, mpakani. Tulimfanyia matanga bila kaburi.